Msako wa Hazina Uani: Kila Mtoto Aondoke na Chake

Leo tuko Mafiga, hapa hapa Morogoro. Mdogo wangu mmoja ana binti anayetimiza miaka mitano mwisho wa mwezi. Mtoto ameona kwenye katuni watoto wenzake wakisaka hazina kwa ramani, na tangu siku hiyo hana wimbo mwingine. Mama ana hofu tatu. Nyumba ni ya kupanga na ua wanautumia wapangaji wanne. Mfuko hauruhusu mambo makubwa. Na mwenye siku bado hajui kusoma. Anauliza: dada, kweli naweza?

Unaweza, mdogo wangu, tena vizuri kabisa. Ua wa pamoja una kona nyingi za kufichia na macho mengi ya kuwaangalia watoto. Mfuko mdogo nao usikukoseshe usingizi, maana mtoto wa miaka mitano hajui bei. Anachojua ni kwamba kitu kilikuwa kimefichwa na yeye ndiye aliyekiona. Kusoma ndiyo kabisa, tutachora.

Ila kabla hujanunua hata puto moja, tukubaliane jambo. Msako wa hazina haupimwi kwa ukubwa wa zawadi. Unapimwa kwa mtoto wa mwisho: yule mdogo, mpole, aliyechelewa kufika kwa sababu mama yake alikuwa anamalizia kumsuka. Huyo akiondoka na chake mkononi, tena amekitafuta mwenyewe, shughuli yako imefana.

Nalisema hili kwa sababu shughuli hizi huharibika kwa njia ileile. Pipi zinatawanywa uani, mtu mzima anapiga filimbi, watoto wanatimka. Mtoto wa darasa la tatu, mwenye miguu mirefu, anajaza mifuko ya kaptula mpaka inaning'inia. Mwenye siku yuko kwenye gauni la nyavu lililonasa kwenye msumari wa benchi, na kila kona anayofika mwenzake ameshapita. Keki inakatwa huku analia, na watu wazima wanamwambia anyamaze, leo ni siku yake. Kosa si la mtoto wa darasa la tatu, yeye kacheza mchezo aliopewa. Mchezo wenyewe ndio haukupangwa.

Sasa tuupange.

Tuanze kwa walimu wetu wa SUA

Sisi wa Morogoro tuna bahati ya kuishi jirani na wasakaji hodari kuliko wote. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Wengine hunusa mabomu ya kutegwa ardhini, wengine hunusa makohozi na kubaini vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapo mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, na huko akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Septemba 2020 shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA, lilimpa medali yake ya dhahabu, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alikufa Januari 2022, akiwa mstaafu.

Nawataja kwa sababu namna wanavyofundishwa ndiyo namna bora ya kupanga msako wa mtoto. Panya mchanga kwanza anazoezwa kwamba akisikia mlio mdogo, "tik", chakula kinafuata, kipande cha ndizi au karanga. Kisha anafundishwa kwamba akiipata harufu inayotakiwa, mlio unalia na ndizi inakuja. Anaanza na harufu iliyo puani pake kabisa. Akishaweza, inasogezwa mbali kidogo, halafu inafukiwa kwenye udongo, hadi siku anapokabidhiwa shamba zima. Wanafanya kazi asubuhi mapema, jua halijawa kali.

Kwa shughuli yetu chukua mambo matatu humo. La kwanza, kitu cha mwanzo kiwe rahisi mno, kionekane hata bila kutafutwa, ili mtoto apate nguvu ya kuendelea. La pili, kila akipata, furaha ije papo hapo: makofi, vigelegele, muhuri kwenye kiganja. Usimwambie asubiri mwisho. La tatu, chagua saa ambayo mwili unakubali. Jua letu la saa saba mchana hata mtu mzima linamtoa jasho, kwa hiyo panga saa nne asubuhi au saa kumi jioni.

Na ukimsimulia mwenye siku habari za Magawa siku mbili kabla, utakuwa umeshapata kisa cha kuchezea. Watoto wote ni panya buku wa SUA, wametumwa kusaka, na kila anayepata analipwa kipande cha ndizi. Ndizi za milimani zipo sokoni mwaka mzima. Hapo chakula cha mchezo umekimaliza kwa chane moja.

Umri ndio unaopanga mchezo

Mtoto wa miaka mitatu au minne hahitaji ramani wala fumbo. Mwambie tu: tafuta vitambaa vyekundu, viko vitatu. Vifiche nusunusu, ncha ionekane. Dakika kumi zinamtosha.

Wa miaka mitano, kama binti yetu huyu, anaweza kufuata picha. Chora vituo vinne au vitano, kila kituo kina picha inayompeleka kinachofuata: ufagio, kinu, mwembe, kiti cha bibi. Si lazima uwe fundi wa kuchora. Ukichora duara na miguu minne ukasema ni stuli, mtoto atakuelewa. Robo saa hadi dakika ishirini zinatosha. Zikizidi hapo, wataanza kugombana.

Wa miaka sita na saba wameanza shule na wanapenda kuonyesha kwamba wanajua. Hao wape vitendawili. Mtu mzima aseme "Kitendawili!", waitikie "Tega!", kisha awasomee. Tunga mwenyewe kutokana na vitu vya uani kwenu. Mimi nakupa vya kuanzia:

"Nabeba nguo za nyumba nzima, mwenyewe sina hata shati." Hiyo ni kamba ya kuanikia.

"Kila asubuhi nacheza uani, nikimaliza nasimamishwa kwenye kona." Huo ni ufagio.

"Napigwa tumboni wala silii, wanaonipiga ndio wanaoshiba." Hicho ni kinu.

"Mwavuli wetu haukunjwi, na msimu ukifika unadondosha sukari." Huo ni mwembe.

"Bibi akisimama naonekana, bibi akikaa napotea." Hicho ni kiti chake.

Kwenye shughuli zetu umri huchanganyika, huwezi kualika wa miaka mitano peke yao. Basi wakubwa wape kazi. Mtoto wa miaka tisa au kumi mfanye kiongozi wa wadogo wawili. Yeye anasoma, wao wanatafuta, na mkono wake hauruhusiwi kugusa hazina mpaka mdogo aione. Mpe heshima ya jina, mwite mkuu wa kikosi. Utashangaa anavyowalinda wadogo zake.

Vitambaa vya fundi cherehani

Hapa ndipo pa kuzuia ile hadithi ya mifuko kujaa kwa mmoja na mwingine kulia.

Nenda kwa fundi cherehani wa mtaani mapema wiki hiyo, umwombe mabaki ya vitenge. Chini ya kila cherehani kuna kikapu au mfuko wa salfeti umejaa vipande: kimoja cha maua ya njano, kingine cha mistari ya bluu, kingine chenye majani ya kijani na vitone vyeupe. Mafundi wengi watakupa bure au kwa pesa ya soda. Chagua aina zinazotofautiana waziwazi, aina moja kwa kila mtoto. Kila aina ikate vipande vitano.

Kipande kimoja mfunge mtoto mkononi anapofika. Vinne vifiche. Kanuni ni moja: unatafuta kitambaa kinachofanana na cha mkononi mwako. Ukikiona cha mwenzako unakiacha palepale, na ukipenda unamwambia kwamba umekiona. Akipata vyake vyote vinne anavileta kwa mtunza hazina na kupewa kifurushi chake.

Hakuna mbio hapo. Mwenye miguu mirefu hana faida, mdogo hana hasara. Na utaona jambo zuri, watoto wanaanza kusaidiana: "We njoo, cha njano kiko huku!" Wewe ndiye unayeamua ugumu wa kila mmoja. Vya mdogo wa miaka mitatu viweke usawa wa macho yake. Vya mjanja wa miaka minane vifiche ndani ya kiatu cha babu.

Kama kuna mtoto anayetembea kwa shida au anayetumia kiti cha magurudumu, vitambaa vyake viwe usawa wa mikono yake na njia yake iwe tambarare. Kama kuna asiyeona vizuri, mfungie njuga au kengele ndogo kwenye kila kipande. Usimpe kazi ya kukaa pembeni kuwashangilia wenzake. Amekuja kusaka.

Na wale wanaokwama, wapigie makofi. Akiwa mbali unapiga polepole, akikaribia unaongeza kasi, akifika unachanganya. Watoto wetu wana ngoma masikioni tangu mgongoni mwa mama, kwa hiyo hawahitaji kufafanuliwa hilo mara mbili.

Pa kuficha na pa kuogopa

Zunguka ua ukiwa umechuchumaa, macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto. Kutoka hapo chini utaona msumari wa benchi, bati lililochongoka ukutani na waya uliolegea, vitu ambavyo ukiwa umesimama huvioni. Ondoa au funika kila kinachokata.

Panapofaa kufichia ni chini ya kiti cha plastiki, nyuma ya chungu cha maua, ndani ya ndoo kavu iliyogeuzwa, kwenye pindo la kanga iliyoanikwa, ndani ya tenga tupu la nyanya, kwenye mizizi ya mwembe au chini ya jamvi.

Pasipofaa hata kwa mzaha ni karibu na kisima, tanki, pipa au ndoo yenye maji. Mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye ndoo, akiinama kichwa kikatangulia. Siku hiyo ndoo zote zimwagwe au zifunikwe vizuri. Jiko la mkaa lenye sufuria ya pilau liwe upande mwingine kabisa, na mtu asiliache peke yake. Usifiche chooni, kwenye shimo la taka, mtaroni, kwenye rundo la mawe au matofali ya zamani, wala kwenye majani marefu. Sisi tuko chini ya Uluguru, nyoka na nyigu ni majirani zetu, na mkono wa mtoto hauulizi kabla ya kuingia. Kibao cha mbuzi, panga na jembe viingie ndani.

Geti lifungwe. Mchezo usitoke nje ya ua kwa sababu yoyote, maana bodaboda hajui kwamba anayekimbia ana hazina akilini. Kama ua hauna geti, weka mtu mzima mlangoni ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo tu. Wahesabu watoto wakiingia, wahesabu tena mchezo ukiisha.

Kwa kuwa ua ni wa wapangaji wanne, pita kila mlango siku chache kabla. Sema unachopanga, saa ngapi mpaka saa ngapi, na uulize: je, naweza kuweka kitambaa kimoja mlangoni kwako? Jirani aliyeulizwa hufurahi, na pengine mwenyewe atakuazima viti. Zipo pia nyumba ambazo hazina desturi ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa, kwa imani au kwa mazoea. Waeleze tu kwamba kuna mchezo wa watoto na wa kwao anakaribishwa. Uamuzi uwe wao, na usiwanunie.

Kuficha usifiche mapema. Ukiweka asubuhi mchezo wa jioni, kuku watakuwa wameparua, sisimizi wamekuja na watoto wa jirani wamemaliza kusaka. Robo saa kabla ya kuanza, watoto waingizwe ndani, bibi au kaka awape hadithi, na wewe na msaidizi mmoja mfiche haraka. Andika kwenye karatasi kila kilipo. Bila karatasi hiyo utaanza kukitafuta na wewe.

Mpango wa mvua nao uwe tayari. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na hata Novemba wingu linaweza kushuka kutoka mlimani ghafla. Hesabu mapema sehemu za ndani na barazani. Vitambaa vilevile vinaingia chini ya mto, nyuma ya pazia, ndani ya sufuria safi.

Nani atunze hazina?

Ningependa kazi hii apewe mjomba. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, mjomba ni nguzo ya mtoto, na kumpa ufunguo wa sanduku siku ya mpwa wake ni heshima inayomkaa. Kama mjomba yuko mbali, basi babu, shangazi au jirani mnayeheshimiana naye. Wa Dar siku hizi hawana kisingizio. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kuja Morogoro Juni 2024, mtu anaweza kufika asubuhi na kurudi kwake jioni.

Mtunza hazina anakaa sehemu moja, hatembei. Anapokea vitambaa, anahesabu na mtoto kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, anampa mkono, anamkabidhi kifurushi. Huko kuhesabu pamoja kusiachwe. Ndipo mtoto anapotazamwa yeye peke yake na mtu mzima, akapongezwa kwa jina lake.

Ndani ya kifurushi

Weka kidogo na kwa usawa. Vifurushi vyote viwe sawa, pamoja na cha mwenye siku. Yeye zawadi zake zipo, na keki ni yake. Penseli na kifutio, kipande cha keki ya nyumbani, kashata laini, chungwa, bangili ya shanga. Fungasha kwa karatasi za khaki na uzi, inapendeza.

Kwa walio chini ya miaka mitano usiweke karanga nzima, pipi ngumu za mviringo wala bigijii. Njia yao ya hewa ni nyembamba, na mtoto anayekimbia huku anacheka anaweza kuivuta karanga ikaenda kusikotakiwa. Usiweke pia midoli ya taa yenye betri ndogo zile za mviringo kama kifungo. Ikimezwa inaunguza koo, na huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali saa ileile. Puto likipasuka, okota vipande vyote, watoto hupenda kuvitia mdomoni.

Kwa mwenye siku, kama unataka kituo chake cha mwisho kiwe cha pekee, fikiria mche wa mti. Mche wa mpera au wa mstafeli ndani ya mfuko wake, umefungwa utepe, umesimama nyuma ya mlango. Mkiwa kwenu mtaupanda, mkiwa kwenye nyumba ya kupanga mtaupeleka kwa bibi. Kila mwaka atapimwa urefu pamoja nao. Ardhi yetu inaotesha, tuitumie.

Na tafadhali, mdogo wangu, usikope kikobani kwa ajili ya siku hii. Fedha ya kikoba ni ya ada na mtaji. Vitambaa vya fundi, chane ya ndizi, karatasi za khaki na keki ndogo uliyooka mwenyewe kwenye sufuria, hiyo ni sherehe kamili. Mtu akikuuliza mbona hakuna turubai na spika, mwambie turubai lingewazibia watoto njia.

Watakuja ambao hukuwaalika

Lisikukere, lipangie. Ukialika watoto wanane uswahilini, kila mmoja atakuja na mdogo wake mkononi, na wawili watachungulia getini kwa sababu wamesikia kelele. Usimfukuze mtoto mlangoni. Andaa aina tatu au nne za ziada za vitambaa na vifurushi vyake, viweke kando. Anayeingia anafungwa kitambaa, msaidizi anaficha vyake vinne haraka, naye anacheza. Visipotumika, vifurushi hivyo utawapelekea watoto wa fundi cherehani kesho yake pamoja na asante.

Ikitokea wamezidi hata vya ziada, unganisha: watoto wawili kitambaa kimoja, kifurushi kimoja wanagawana mbele ya mjomba. Kugawana wanakujua, wanafanya hivyo kila siku shuleni.

Siku yenyewe

Kwenye mwaliko waambie wazazi wawavalishe watoto nguo za kuchezea na viatu vilivyofunga. Gauni la nyavu la mwenye siku litunze kwa ajili ya keki na picha. Asake akiwa na kaptula.

Wakifika, wape maji na wafunge vitambaa. Kisha hadithi, na wakati huo mnaficha. Kisha msako. Vifurushi vikishatolewa, ndipo keki, pilau na juisi ya ukwaju. Ukianza na chakula, watasaka wakiwa wazito na mikono ina mafuta. Ukiweka msako mwishoni, watakuuliza saa ngapi mpaka uchoke.

Mwenye siku usimwache ashinde kwa kupendelewa mbele za watu. Watoto wanaona, na yeye mwenyewe ataona. Heshima yake iwe kutangulia: yeye ndiye anayefungua msako kwa kuonyesha jinsi ya kutafuta, akipata kile cha kwanza kilicho rahisi kabisa, na kila mtu anapiga makofi.

Ile desturi yetu ya kumwagia maji mwenye siku, kwa mtoto mdogo iache. Kwa kijana wa chuo ni kicheko, kwa mtoto wa miaka mitano aliyeshtukizwa ni kilio. Kama ameona wakubwa wakifanyiwa na anaitaka, mpe yeye kikombe cha maji ajimwagie mwenyewe miguuni.

Picha piga, ila kabla hujaweka za watoto wa wenzako kwenye status, waulize wazazi wao. Jina kamili la mtoto, shule yake na mtaa wake visiandikwe hapo.

Mtoto akilia katikati ya mchezo, usisimamishe wote. Piga magoti, muulize kwa sauti ya chini: umebakiwa na vingapi? Mshike mkono mtafute wote cha kwanza, kisha mwachie. Mara nyingi huwa amechoka, ana njaa au amezidiwa na kelele. Apumzike kwa bibi kidogo, vitambaa vyake vitamsubiri. Hakuna kipenga cha kufunga mchezo mpaka wa mwisho apate.

Kazi za wiki

Jumatatu pita kwa majirani. Jumanne nenda kwa fundi. Jumatano kata vitambaa, na mwenye siku akusaidie kuvihesabu bila kuambiwa vitafichwa wapi. Alhamisi chora picha zako au tunga vitendawili. Ijumaa fungasha na uoke. Jumamosi asubuhi kagua ua ukiwa umechuchumaa, mwaga ndoo, ondoa misumari. Jumamosi jioni saka.

Halafu kuna jambo moja ambalo wazazi wengi hulisahau. Jumapili, baada ya kanisa au baada ya chakula cha mchana, mpe binti yako vile vitambaa na umwambie: leo ficha wewe, mimi nitafute. Kuficha ni kazi nzito kuliko kutafuta. Inabidi afikirie wewe unaona nini, unafika wapi, utaanzia kona gani. Ataficha kimoja mahali unapokiona ukiwa bado umesimama mlangoni, na utapaswa kuzunguka ua mzima kabla ya "kukipata". Zunguka. Yeye ndiye mwenye makofi siku hiyo, na kwa wiki nzima ijayo atakuwa anapanga mahali pagumu zaidi.

Mpe binti hongera kutoka kwangu, mwambie mama yake mkubwa wa magazetini anamtakia miaka mingi yenye afya. Na ninyi wengine wenye swali la malezi, la jiko au la ujirani, leteni. Nipo.

Dada yenu.